Jagi la Bibi Lilivyosafiri Ndani ya Mbaazi

Tangu nirudi Babati sijauza kwa amani. Mteja anafika mezani kwangu sokoni, anachota mbaazi kiganjani kama anayekagua wadudu, kumbe hana shida na mbaazi. "Mama Rehema," ananiuliza, "na lile jagi?" Nikianza kumsimulia, anakuja mwingine, narudi mwanzo. Sauti imenikauka. Basi nimekaa chini nikaandika yote. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome pembeni, aniache nipime.

Kwa wasiojua, binti yangu Rehema ameolewa Njombe. Harusi ilishapita, tulicheza, tulilia, tulirudi. Kilichobaki nyuma ni kabati la vyombo, kwa sababu fundi aliahidi, na mafundi mnawajua. Kikundi chetu cha kina mama pale Nangara kina desturi yake. Binti yetu akiolewa tunamchangia kabati na vyombo vyake, na kabati hilo halisafiri tupu, maana kabati tupu ni sawa na kumpeleka mtoto ukweni mikono mitupu. Linafungwa likiwa limejaa. Ufunguo anashika shangazi. Njiani halifunguliwi, hata mvua ya mawe inyeshe. Linafunguliwa mbele ya wakwe, chombo kimoja kimoja, kwa vigelegele.

Haya yote ningeyaweza, kama si mama yangu.

Mama anaishi Dareda, na miguu imemkataa. Harusini hakufika, na lilimuuma kuliko alivyosema. Siku mbili tatu kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga, nikamkuta amelitoa jagi lake la kioo, lile alilopewa alipoolewa yeye, ambalo sisi watoto wake hatukuruhusiwa hata kulifuta vumbi. Alikuwa amelifunga kwenye shuka.

"Mimi sitafika kwa Rehema," alisema. "Jagi litafika badala yangu. Siku akimimina maji humo, nami nimefika kwake."

"Na likivunjika njiani, mama?"

"Likivunjika msinifiche. Lakini msiniletee vipande."

Nilirudi Babati nimelipakata jagi lile mapajani kama mtoto mchanga, na usingizi ulinipaa tangu siku hiyo.

Babati: kabati laaga mji

Tulipomaliza kupanga vyombo, tulilitikisa kabati kidogo tu, vyombo vyote vikajibu. Kina mama tukatazamana. Magazeti tulishaweka, yakawa hayatoshi. Hapo ndipo mimi, muuza mbaazi, nikapata akili ambayo kikundi kizima kiliipigia makofi. Mbaazi huingia kila pengo. Ukizimwaga juu ya kikombe zinakizunguka, zinajaa ndani yake, hakina pa kwenda. Tukajaza mbaazi sehemu yote ya chini ya kabati, ambako tuliweka jagi na bilauri na sahani nzuri. Jagi lenyewe nililijaza mbaazi mpaka mdomoni, nikalizika katikati. Juu, kwenye milango ya vioo, tukaweka mabakuli ya plastiki na masufuria, tukavifunika vioo kwa blanketi. Tukalitikisa tena, kimya. Nilijiona nina shahada.

Usafiri tuliupata kwa Bura, jirani yetu wa Nakwa, mtu mzima mwenye Kenta yake, lori dogo la mizigo. Alikuwa anakwenda Njombe kuchukua viazi, na gari lilikuwa linakwenda tupu. Bura si msemaji. Safari nzima ukimhesabia maneno utayaweka mfukoni. Nilisafiri na wifi yangu Paulina, dada wa mume wangu, shangazi wa bibi harusi, mwenye duka la vitenge, ambaye maneno aliyobana Bura aliyachukua yote yeye.

Kabati lilipopandishwa garini, Bura alitaka kulisogeza mpaka mbele kabisa, liegemee ukuta wa bodi nyuma ya migongo yetu, au basi alilaze.

"Kabati la bibi harusi halilazwi," Wifi akamjibu. "Kinacholazwa ni jeneza."

"Basi lisogee mbele."

"Likisogea mbele nani ataliona?"

Basi likasimama katikati ya bodi peke yake, limefungwa kamba na utepe mwekundu, turubai limekunjwa pembeni, ili mji mzima ujue Nangara imeoza binti. Tulizunguka stendi, tukazunguka soko. Bajaji zilitupigia honi, mabodaboda wakatusindikiza. Wifi alikuwa anapunga mkono kama mgombea. Siwezi kumlaumu, na mimi nilipunga.

Tukashika njia ya Kondoa. Karibu na Bonga ng'ombe wakaingia barabarani, Bura akakanyaga breki. Sisi watatu tulikwenda mbele, mkoba wangu ukaniruka magotini, na nyuma yetu tukasikia kitu kizito kikiburuzika, halafu kishindo.

Tulipopanda kuangalia, kabati lilikuwa limetembea hatua nzima kuelekea kwetu, kamba zimelegea.

"Gari nimelisimamisha mimi," Bura alisema. "Kabati nani kalisimamisha?"

Sikupenda alivyosema, lakini nilimwelewa. Nilidhani uzito wa mbaazi utalituliza. Nikasahau mkokoteni wa pale sokoni: ukiupakia magunia unautolea jasho kuuanzisha, na ukishaanza kushuka kuelekea barabarani unautolea jasho zaidi kuuzuia. Kizito kikikaa hakitaki kuondoka, kikiondoka hakitaki kukaa. Mambo haya tulifundishwa darasani, mimi siku hizo nilikuwa nachungulia dirishani.

Tukalifunga upya. Nikaweka sikio kwenye mlango wa chini, sikusikia kitu. Wifi akagusa ufunguo wake, aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge, kuhakikisha upo.

Kondoa: chai iliyobaki nyuma

Vilima vya Bereko sitavisimulia sana, maana nilivipita nimefumba macho. Kila kona ya kulia, mimi namlalia Wifi na Wifi anaulalia mlango. Kila kona ya kushoto, sote tunamlalia Bura, naye anatusukuma kwa kiwiko bila kusema neno. Nilikuwa nawaza jagi linafanya hivihivi huko gizani, na nikawa naomba mbaazi zinisaidie kulishika.

Kondoa tulikula chapati na supu kwa mama mmoja mkarimu, aliyetusikia tunabishana kuhusu kabati akadhani tumefiwa. Alitupa pole, akakataa kumtoza Wifi supu ya pili. Tulipomweleza ni kabati la harusi, alicheka, lakini pole yake hakuirudisha. Alisema safari na vioo inahitaji pole pia.

Wifi akasema chai yake atainywea garini. Mimi nikamwambia, mwenzangu, subiri tutoke. Hakunisikia. Akamimina kikombe kikajaa, Bura akaachia klachi, gari likaruka mbele kidogo, na chai yote ikamrudia Wifi kifuani.

"Bura, umenimwagia."

"Sijakumwagia, mama," Bura alisema. "Chai ilibaki pale pale. Sisi ndio tuliondoka."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wifi alininyamazia toka Kondoa hadi tulipoanza kuona taa za Dodoma, na kwa Wifi kunyamaza umbali ule ni adhabu kubwa kwake kuliko kwangu. Tukalala Dodoma kwenye nyumba ya wageni, Kenta ikiwa uani, na Bura akalala ndani ya gari kulinda kabati. Asubuhi nilimkuta anakula mihogo ya kukaanga. Nikamuuliza kama alisikia chochote usiku. Akasema panya walikuwepo, lakini walikuwa nje.

Ningetakiwa kumuuliza panya walifuata nini. Sikumuuliza.

Njia ya Iringa: kizuizi cha mazao

Tulipotoka Dodoma, kwenye kizuizi kimoja, mkaguzi wa mazao akatusimamisha. Kijana mwenye adabu, akatuamkia shikamoo, tukaitikia.

"Mmebeba mazao?"

"Hatuna mazao, mwanangu," Wifi akadakia. "Ni kabati la vyombo, tunampelekea binti yetu."

Akazunguka nyuma ya gari. Akakaa huko muda kidogo. Akarudi amefumbata mkono, akaufungua mbele ya dirisha letu. Mbaazi.

"Hivi navyo ni vyombo, mama?"

Nilishuka mbio. Sakafu ya bodi ilikuwa imetapakaa mbaazi, na nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari wake, hata kuku angeweza kutufuata toka Babati. Ubao mwembamba wa mgongo wa kabati, ambao fundi aliupigilia vimisumari vya kuonea huruma, ulikuwa umesukumwa na mbaazi ukaachama pale chini.

"Fungueni nione kilichomo," akasema yule mkaguzi.

"Halifunguliwi," Wifi akasema.

"Kwa nini?"

"Linafunguliwa mbele ya wakwe."

Kijana wa watu alitutazama kwa zamu. Hapo mimi nikaona tunakwenda kulala kituoni kwa ajili ya mbaazi zangu mwenyewe, nikajieleza haraka haraka, jagi, mama yangu, kikundi, mtikiso, yote. Sijui alielewa kiasi gani. Alipanda kwenye bodi, akaweka viganja viwili kwenye ubavu wa kabati alisogeze kidogo apate kuchungulia mgongoni. Kabati likaondoka. Kabati ambalo wanaume sita walilipandisha kwa kuguna, lilisogea kwa viganja vya mtu mmoja mwembamba, taratibu, bila kelele, mpaka kamba ikalizuia.

Akaondoa mikono haraka kama aliyeshika pasi ya moto. "Mama, kabati lenu linateleza."

Ndipo nilipoelewa kosa langu. Mbaazi zilizomwagika zilikuwa zimeingia chini ya kabati. Ni duara, ni kavu, ni ngumu. Jana kabati lilikuwa zito lakini miguu yake ilikuwa inang'ang'ania sakafu. Leo lilikuwa na uzito ule ule, ila limesimama juu ya magurudumu elfu. Msuguano wote umekwisha. Na zaidi ya hapo, kila mbaazi iliyotoka iliacha nafasi mle ndani, karibu na jagi.

Mkaguzi akatuachia. Alisema mazao yanayosafirishwa kuzunguka jagi la bibi hayamo kwenye kazi yake. Akatuonya kuhusu mlima.

"Mlima gani?" nikauliza.

"Nyang'oro," akajibu Bura badala yake. Alikuwa anaufikiria tangu Dodoma, ila hakuona haja ya kutuambia.

Tukafagia sakafu kwa kanga, tukaziba ule mwanya kwa gunzi la mahindi. Gunzi lilitoka kabla hatujafika mbali. Wifi alinuna tena, safari hii na mimi nilinuna, na Bura pembeni yetu akaendesha kama amepakiza mizigo mitatu.

Mtera: mkwe wa barabarani

Mtera Bura alisimama ili tule samaki. Gari liliposimama, hata kabla hajazima injini, tulisikia wote. Kli. Kioo kinagusa kitu.

Sikugusa samaki. Nilipanda kwenye bodi, nikaweka sikio. Nikamwomba Bura atikise kidogo. Kli, kli.

"Wifi," nikasema, "nipe ufunguo."

"Siutoi."

"Nimesema nipe ufunguo."

"Mama Rehema, nikikupa ufunguo hapa, kesho kikundi kizima kitasema shangazi alifungua kabati barabarani, kwenye moshi wa samaki. Ukweni watasema tulikagua vyao. Mimi ndiye nitakayebeba jina hilo, si wewe."

Hakuwa anasema uongo. Mwaka mmoja kabati la binti wa mwenzetu lilifunguliwa njiani ili kutoa kikombe cha kunywea dawa tu, na mpaka leo yule shangazi yake anaitwa Mama Kikombe. Lakini mimi nilikuwa namwona mama yangu amekaa kwenye kigoda chake kule Dareda, akiwa ameelekeza masikio kwenye simu ya jirani. Nikaanza kulia palepale, mwanamke mzima, nimeshika kamba ya Kenta. Sikuona aibu. Nilikuwa nimechoka.

Muuza samaki tuliyesimama mbele ya karai lake, mama wa rika letu, alikuwa anatusikiliza huku anageuza perege. Akaweka kijiko chini.

"Huyo binti ameolewa wapi?"

"Njombe," Wifi akasema.

"Kwa nani?"

"Mume anaitwa Lusungu. Wabena."

Yule mama akafuta mikono, akavua aproni yake yenye mafuta, akajifunga kanga safi, akageuza ndoo akaikalia katikati ya uwanja, miguu imenyooka, uso umekuwa mwingine kabisa.

"Mimi nimezaliwa Njombe. Mbena baba, Mbena mama. Mtera nimeletwa na ndoa. Lusungu ni jina la kwetu, kwa hiyo huyo ni mwanangu, na mimi ni mkwe wenu. Mbona hamnisalimii?"

Nilimtazama Wifi. Wifi alimtazama yule mama. Niliona anapima, unajua Wifi anavyopima, kama anayekadiria kitenge.

"Shikamoo, mkwe," Wifi akasema, akapiga goti.

"Kamwene," akaitikia kikwao. "Karibuni. Mmeniletea nini?"

Wifi akaanza kufungua pindo la kitenge, polepole. Alipopanda kwenye bodi na kuingiza ufunguo, wanawake wote wa samaki walikuwa wamekwishasogea, na mkwe wetu akapiga kigelegele cha kwanza akiwa bado juu ya ndoo. Mlango ulipofunguka mbaazi zilituporomokea miguuni. Zilikuwa zimeshuka mpaka nusu. Bilauri moja ilikuwa imepasuka vipande viwili. Sahani moja ilikuwa na ufa. Na jagi la mama yangu lilikuwa limeegemea ukingo wa ile sahani, shingo yake yote iko nje.

Nilichimbua kwa mikono yangu. Nikalitoa, nikalizungusha juani, nikapitisha kidole mdomoni, shingoni, kwenye mkono wake, chini. Halikuwa na hata ufa. Nikalikumbatia nikakaa chini kwenye mbaazi. Kina mama wa samaki walidhani hiyo nayo ni sehemu ya desturi yetu, wakazidisha vigelegele.

Ikabaki kazi ya kujaza upya. Mbaazi zilizobaki hazikutosha, na nyingine tusingezitaka, maana zitatoka tu. Tulihitaji kitu kinachojaa pengo bila kukimbia. Nikavua kanga yangu ya juu. Wifi akanizuia. Akashusha begi lake, akafungua zipu, akatoa vitenge vyake viwili vya nta alivyovishonesha kwa ajili ya siku ile, vyenye mikono mipana, ambavyo alikuwa amenionyesha mara nne. Akakunja kimoja akakisokomeza nyuma ya jagi. Akakunja cha pili.

"Wifi, utavaa nini ukweni?"

"Hiki nilichomwagiwa chai," akasema. "Funga mlango kabla sijabadili mawazo."

Siwezi kusahau hilo. Tumegombana na Wifi miaka mingi, na tutaendelea, lakini hilo siwezi kulisahau.

Mkwe wetu wa barabarani alidai kanga yake ya mkwe, tukampa. Alidai na picha, tukapiga. Alitufungia perege wanne, akatuambia tusibishane. "Mficha uchi hazai," alituambia tunapoagana. "Mngeendelea kulificha kabati lenu, mngewapelekea vigae."

Kabla ya kuondoka Bura akafanya jambo lililonifurahisha. Wakati mbaazi bado zimetapakaa chini ya kabati, alituambia tusizifagie kwanza. Sisi watatu tukalisukuma kwa mikono mitupu, likateleza juu ya mbaazi mpaka ukuta wa mbele wa bodi, pale alipolitaka tangu Babati. Halafu ndipo tukafagia zote, tukamwaga mchanga chini ya miguu yake, tukaweka tairi la akiba nyuma yake, tukafunga kamba. Kosa langu lilitulipa kibarua kimoja.

Wifi hakusema neno kuhusu nani ataliona.

Nyang'oro

Barabara inapanda ikijikunja, unaona malori ya juu kichwani kwako na mabasi ya chini miguuni kwako. Bura aliweka gia nzito, tukapanda kama wazee wanaokwenda ibada ya kwanza. Tukawa tunakwenda vizuri, mpaka kwenye kona moja tukakuta lori limekwama mbele, limejaza upande wetu. Bura akasimama mlimani.

Kusimama hakukuwa shida. Kabati lilikuwa limeegemea ukuta, halikuwa na pa kwenda. Shida ni kuondoka tena. Gari likiruka mbele, kabati litataka kubaki, kama chai ya Wifi, na nyuma yake ni mteremko wote ule.

"Nishuke nikalishike," Wifi akasema, ameshaweka mkono kwenye mlango.

"Mama, kaa," Bura akasema. "Kabati likiamua kuja, wewe hutalizuia. Likikukuta nyuma nitapeleka nini Babati?"

Akakaa. Akanishika mkono. Bura aliliachia gari taratibu, taratibu, injini inaunguruma, na nikahisi kiti kinanisukuma mgongoni. Nyuma kukasikika mlio mmoja mzito. Kabati limelala kwenye tairi. Tulingoja wa pili. Hatukuusikia. Tairi lilibonyea, mchanga ukashika, kamba zikakaza, na kabati likaamua kwenda nasi.

Tulipofika juu, mahali pa tambarare, upepo ulikuwa baridi na Bura akasimama bila kuombwa. Akazunguka nyuma, akarudi. "Lipo," akasema. Wifi aliinamisha kichwa kwenye dashibodi akalia kwa sauti, na mimi nikamfungulia perege. Tulikula palepale kwa mikono, samaki wa baridi bila ugali, na sijawahi kula samaki mtamu kama yule. Iringa, Mafinga na Makambako nilizipita nimelala.

Njombe: mgeni wa mwisho

Njombe kuna baridi inayoingia mfupani. Walitupokea na chai ya maziwa, viazi na parachichi, na wakatufunika mablanketi kama wagonjwa. Mkwe wangu Mama Lusungu, mama yake mume, alilizunguka kabati mara mbili, akalisifia. Wifi alimweleza yeye mwenyewe habari ya Mtera, kabla mtu mwingine hajaisema, amesimama na kile kitenge chenye doa la chai. Mama Lusungu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Huyo mama ni wa ukoo gani?" Hilo hatukuwa tumemuuliza. Akasema atamtafuta, maana kama alikaa kwenye kiti chake, basi ni ndugu yake sasa.

Kabati likafunguliwa rasmi. Walishangaa mbaazi. Baba mkwe akachota kiganja, akauliza kwa heshima kama kwetu huwa zinapandwa siku hiyo hiyo au zinasubiri mvua. Nilitaka kumweleza. Wifi akanikanyaga mguu, akasema zinasubiri mvua. Mpaka leo wanaamini hivyo, na mkiwaona msiwaharibie.

Jagi lilitoka mwisho. Rehema aliliona tu akaanza kulia, maana naye hakuwahi kuruhusiwa kulishika. Alimimina mbaazi zake kwenye sinia, akaliosha, akalifuta, akaliweka mezani. Nikampigia jirani wa Dareda simu, nikasikia anatembea na simu, kuku wanapiga kelele, halafu pumzi za mama.

"Mama, jagi limefika zima."

Nikasikia anavuta kigoda chake.

"Mama?"

"Nilikwambia msinifiche," akasema.

"Sikufichi. Liko hapa mezani mbele yangu. Rehema amelishika."

"Kila mtu husema hivyo kwa mzee. Ligongeni nisikie."

Nikaweka simu karibu. Wifi akachukua kijiko cha chai, akaligonga ubavuni mara moja. Lilitoa ile sauti yake ndefu, inayokwenda ikififia, ambayo mimi niliijua tangu utotoni kwa sababu ndiyo iliyotangulia kila kofi nililopigwa kwa kulisogelea.

"Tena," mama akasema.

Wifi akagonga tena. Tukangoja. Nilisikia kule Dareda jirani anamuuliza kitu, na mama akimwambia anyamaze.

"Haya," akasema. "Nimefika. Mgeni hapewi maji huko?"

Rehema akalijaza maji, akaisogeza simu karibu na bilauri, akammiminia.